Pumzi Katikati ya Bethlehemu

Nimeinunua kwa kijana wa simu, stendi ya Tukuyu,
elfu mbili, ndani ya flashi nyekundu ndogo kama ukucha.
"Krismasi ya Sauti Sita, mama, nyimbo kumi na moja,
hawapigi hata ngoma, ni midomo tu."
Sikumwambia kwamba tulikuwa saba.

Nikaifunga kwenye pindo la kitenge
pamoja na chenji,
nikashuka na mvua hadi Kyimbila.

Sasa ni usiku wa tarehe ishirini na nne.
Redio ya sola imekaa juu ya debe la unga.
Namenya magimbi, mikono inawasha.
Nyuma ya ukuta wa mianzi mtamba wetu ana mimba ya kwanza,
anapumua kama mtu anayewaza deni.

Niseme kweli: sikuwasha ili nibarikiwe.
Niliwasha ili niwakamate.

Wimbo wa kwanza, Atupele anavuta, ndiyo kawaida yake,
wenzake wameshafika horini, yeye yuko njiani na mzigo.
Nikacheka, nikatupa ganda.
Wa pili, besi ya Andondile,
gunia la viazi linaburutwa juu ya sakafu ya mbao.
Hiyo sina la kusema.
Wa tatu una jogoo. Wamemwacha humo humo.
Walirekodi kanisani alfajiri,
kabla mashine ya kusaga haijaamka.
Wa nne mvua inaanza kwao,
na yangu inapiga bati,
nikashindwa kujua ipi ni ya leo.

Tuligombana kwa ajili ya pumzi, si fedha,
ingawa Kyimbila nzima inasema fedha.
Gwamaka alisema: Tumpe, neno Bethlehemu halikatwi.
Vuta pumzi kabla, au subiri baada.
Nikasema nina kifua kimoja tu, na kimeshapita nimonia mbili.
Nikasema Maria mwenyewe, na tumbo lile, na vilima vile,
hakufika Bethlehemu bila kupumzika njiani.
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Alifungua daftari, akalipiga jina langu mstari
kwa rula.
Kwa rula!
Mwezi wa saba huo. Tangu hapo Jumapili nakaa nyuma,
karibu na mlango, nachezesha midomo bila sauti.

Wimbo wa saba ndio wenyewe.
Nikaweka kisu chini.
Mahali pangu pamekaa sauti changa,
nadhani ni Sekela, binti wa Ambakisye,
safi, haina kikohozi, haijalipa ada ya mtoto.
Nikataka kumchukia, nikakosa pa kuanzia.
Wanapanda. Mlima huo naujua kwa miguu ya koo.
Wanalifikia neno.

Bethle—

na wote sita, Gwamaka akiwemo,
wanavuta pumzi.
Hewa inaingia vifuani mwao
kama upepo unapoingia shamba la chai
na majani yote yakageuka upande mmoja.

—hemu.

Nikairudisha. Nikairudisha tena.
Mara ya nne Lugano akauliza kutoka kwenye blanketi:
mama, redio imekwama?
Nikamwambia haijakwama, inapumzika.

Sijui nifanye nini na jambo hili.
Angenitumia ujumbe tungegombana vizuri,
ningemjibu, angenijibu.
Badala yake ameandika kwa hewa,
mahali pasipo na herufi ya kushikia.
Mjanja yule.

Kesho nitakaa nyuma vilevile.
Au safu ya nne. Ya nne si mbele.

Chungu kinanuka, magimbi yameshika chini.
Nyuma ya mianzi mtamba amevuta pumzi
katikati ya jambo lake,
nami nimesimama na mwiko,
nangoja alimalizie.