Msoma Mita

Miaka thelathini na mmoja nilisoma mita za stima:
Kaptembwa, Shabab, Langa Langa,
hadi Milimani kwenye mbwa wakali.
Nilibisha hodi, nikainua kifuniko,
nikaandika tarakimu kwa penseli niliyoichomeka sikioni,
nikaenda zangu.
Sikumuuliza mtu mbona taa zake huwaka usiku kucha.

Sasa ni zamu yangu kusomwa.

Kila miezi mitatu Jerono hunifunga mpira juu ya kiwiko,
huugonga mshipa kwa kidole
kama anayebisha kwa mdeni.
"Kunja ngumi, mzee Njuguna. Haya, achia."
Kichupa hujaa. Damu nyeusi kuliko nilivyodhani.

Utumbo walionikata ulikuwa urefu wa shibiri.
Daktari alinipimia hewani kwa vidole vyake:
"Uvimbe tumeutoa wote."
Akanyamaza, akafuta miwani.
"Tunaoweza kuuona."
Nilirudi nyumbani na maneno hayo mawili,
na mshono, na karatasi ya dawa.

Kuna punje, wanasema, ndogo
hata mashine ya picha huipita bila salamu.
Lakini haikai bure. Hula, na ikila huacha alama damuni,
kama mpangaji aliyeunga nyaya za wizi:
nyumba giza, mlango kufuli,
na mita inazunguka.
Niliwanasa wengi hivyo.

Januari, mbili nukta moja.
Aprili, mbili nukta nne.
Julai, tatu kasoro kidogo.
Wangeci huziandika nyuma ya kalenda ya duka la mbolea.
Daktari asema tuko chini ya mstari, nisijitie presha.
Sawa. Ila msoma mita haangalii namba,
huangalia tofauti ya leo na safari iliyopita.

Ya Oktoba nimetolewa jana.
Majibu Alhamisi.

Wangeci kalala. Vumbi la Menengai linakuna mabati.
Mita yetu ni ya zamani, hawajaja kuibadilisha;
nasimama mbele yake na tochi, kandambili miguuni,
nikitazama kile kisahani na alama yake nyekundu
ikija, ikipita, ikija.
Nazima redio. Nachomoa friji. Nazima taa ya sebuleni.
Kinapunguza mwendo, hakisimami.

Ni balbu ya vifaranga, kule bandani.
Wana siku nne tu.
Hiyo siizimi.