Maiti Anayepumua

Ilibidi nife kabla ya Magharibi.
Mamangu alinipa ruhusa mwisho saa kumi na mbili,
tena akidhani nimekwenda kujifunza ushoni,
na Badi, mwenye filamu, akapiga hesabu:
basi huyu auawe wa kwanza.

Usiku wa manane tuliutengeneza saa tisa mchana
katika nyumba ya Kibokoni yenye kesi ya mirathi,
kwa leso tatu zilizopigiliwa misumari dirishani.
Jua likapenya lote. Ukikaza macho
utausoma usiku wetu, herufi kinyumenyume:
YA JIRANI HAYANILAZI MACHO.

Damu ilikuwa rangi ya mabuyu,
sukari guru, na maji ya mfereji wa Bi Shekuwe,
aliyetuuliza mara mbili kama tunapika halua.
Nikalala sakafuni, koo limekatwa,
na sisimizi wakaja.
Walikuja kwa safu, kama wenye mwaliko,
wakanipanda shingoni, wakanitia adabu sikioni,
na Badi nyuma ya kamera akinong'ona:
"Wee, mbona wapumua? Si ushakufa?"
Sauti hiyo imo. Kidole changu cha mguu kinachocheza, kimo.

Muuaji alikuwa Mselem, kinyozi,
kijana aliyeogopa hata kumkata mtu ndevu karibu na koo.
Alivikwa gunia la vitunguu, matundu mawili,
na vitunguu havikuwa vimetoka zamani.
Kwa hiyo muuaji wetu analia.
Anakimbiza watu ngazini, anawachoma, analia,
na kwa kila pigo, chini ya gunia,
unasikia: "Samahani, dada."

Panga lilikuwa la muuza madafu.
Akija mteja, tunalirudisha.
Ndiyo maana mauaji ya tatu yanafanywa kwa mwiko.

Adhana ya Alasiri iliingia katikati ya usiku wa manane.
Mselem akashusha panga,
yule aliyekuwa akiuawa akajifunika kichwa,
wakangoja wote wawili, kimya, hadi ikaisha,
kisha akaendelea kumuua.

Na aliyeunganisha picha alikuwa fundi wa video za harusi,
hajui njia nyingine ya kutoka hapa kwenda pale:
baina ya maiti na maiti
waridi linafunguka, mioyo miekundu inapaa.

Tulionyesha Majengo, viti vya plastiki, shilingi ishirini.
Watu walicheka mpaka mmoja akavunja kiti.
Kisha stima ikapotea, gunia likiwa limejaa kiwambo kizima,
na gizani hapo, wallahi,
walipiga mayowe wanaume wenye ndevu.

Siku hizi naenda sinema ya Nyali na wanangu.
Damu ina rangi yake, usiku ni usiku,
maiti wamekufa barabara, hakuna anayejikuna.
Siogopi. Sicheki. Nanunua bisi.

Mselem alifariki mwaka juzi.
Sukari; ilimla mguu kwanza.
Eda ilipokwisha, mkewe Nuswaiba akaja
na sidii iliyokwaruzika, kaifunga kwa leso kama mkufu.
"Sijawahi kuitazama," akasema. "Alikuwa akiona haya."

Tukakaa mkekani, yeye, mimi, na kitinda mimba wake.
Dakika ya thelathini na moja gunia lilimteleza,
na Badi, kwa uvivu au kwa kukosa mkanda, hakukata:
uso wa Mselem, mbichi, umelowa machozi ya vitunguu,
anaangalia kamera, anacheka,
anafuta pua kwa mkono wenye damu
na kubaki na masharubu mekundu.

"Rudisha," akasema Nuswaiba.
Nikarudisha.
"Tena."

Fundi mzuri angelikata pale.
Fundi mzuri angetuibia.

Tulipoianza upya toka mwanzo, yule mtoto
akasogea karibu na televisheni, akaweka kidole
juu ya tumbo langu la miaka kumi na saba.
"Huyu si amekufa? Mbona lapanda lashuka?"
Mamake akanitazama mimi nijibu.

"Sisimizi," nikamwambia.
Akaridhika.