Kelele ya Saa Kumi na Mbili

Umeniuliza, Tarmo, kwa mwandiko wako wa penseli,
kelele kwenye mita arobaini huondolewaje.
Nami niliuliza hivyo hivyo, tena kwa matusi.

Kwanza hakikisha mchawi hayumo nyumbani mwako.
Zima swichi kuu, redio iachie betri ya gari.
Nilikaa gizani na mshumaa, jokofu limenyamaza,
na mshale haukutikisika: tisa, palepale,
zzzrr, kama nyuki aliyefungiwa koponi,
kila jioni saa kumi na mbili, Machi nzima.

Pili, ethi. Vitabu vinataka fimbo ya shaba, mita mbili.
Hapa Hiiumaa chini ya udongo kuna mwamba;
niligonga hadi fimbo ikapinda kama ndoana.
Basi nikatandaza nyaya kumi na sita chini ya theluji,
kila moja na urefu wake, sikuwa na subira ya kupima.
Zilinisaidia kutuma. Kelele haikujali.

Tatu, vaa buti.
Nilibeba redio ya mkono, nikaifuata kelele
kati ya misonobari, theluji ikinifika magotini.
Kila hatua mshale ulipanda,
nami nikaomba unipeleke kwingine kokote
ila dirishani kwa Salme.

Hatusemezani, unajua. Miaka kumi na moja.
Chanzo ni mti ulioangukia uzio,
na neno nililolisema juu ya mumewe
wiki ambayo halikufaa kusemwa.

Dirisha lilikuwa zambarau.
Taa za bei chee, adapta isiyo na kichujio,
na chini yake miche ya nyanya katika vikopo vya mtindi.
Salme alikuwa katikati, koti begani,
akiigeuza mmoja mmoja isipinde shingo.
Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nadhani aliisemesha.

Mfukoni nilikuwa na pete ya feraiti, bei yake euro mbili.
Pitisha waya wa adapta ndani yake mara saba, basi.
Ni kazi ya dakika tatu
kwa mtu anayeweza kusema habari za jioni.

Nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo, nne. Tafuta rimu ya baiskeli.
Ikate kwa msumeno mahali pamoja tu,
penye mwanya funga kapasita ya kuzungusha
uliyoing'oa kwenye redio ya marehemu babu yako.
Kaza kwa skurubu, aluminiamu haipatani na lehemu.
Ndani yake ning'iniza kipete cha waya, moja ya tano ya upana;
hicho ndicho kitakachopeleka sauti redioni.

Sasa sikiliza, maana hili vitabuni lina mstari mmoja:
pete haisikii kile inachokitazama.
Husikia kwa ubavu.
Miaka yote hiyo nilimpa Salme kisogo,
akanijaa masikioni.
Nilipoielekeza rimu, shingo upande, usoni kwake hasa,
tisa ikashuka hadi mbili,
na usiku ule chini ya kelele nikamkuta mtu wa Azori,
nukta na vistari, mkono mzito,
akilalamikia mvua.

Tangu hapo, kabla ya kuanza,
huigeuza ubavu kwanza, kidogo tu.
Zzzrr. Yupo. Miche ipo.
Kisha naigeuza tena, nafanya kazi yangu.

Leo ni tarehe tisa Aprili.
Nimeigeuza ubavu saa kumi na mbili kamili.
Bendi ni safi, Tarmo, safi kama nilivyoiombea,
Waitalia wanasikika hadi pumzi zao.
Nimezungusha kapasita, pengine imehama.
Haijahama.
Sasa ni na robo.

Swali lako la mwisho, la urefu wa nguzo, lisubiri.
Feraiti bado iko mfukoni.
Natafuta buti la kushoto.