Upande wa Kushoto

Sindano tatu, dakika kumi, nyuma ya pazia la saluni
pale Area C, feni ikisambaza harufu ya nywele zilizoungua.
"Utasikia kama mbu tu," alisema yule dada wa glavu moja.
Ulilipa nusu. Nusu uliahidi mwisho wa mwezi.

Usiku ukanitumia picha. Nikacheka, Mungu anisamehe,
nikaandika: mdomo huo utafika Singida kwa wakwe kabla yako.
Ukajibu: uvimbe ni kawaida, wamesema, siku mbili tatu unashuka.
Walikwambia uvimbe, na michubuko, na kuwasha.
Kupauka hawakukutajia.

Asubuhi upande wa kushoto ulikuwa jivu.
Adhuhuri, zambarau, madoa yametandaa kama wavu
hadi kwenye tundu la pua.

Mimi si daktari, Sechelela. Mimi ni mtu wa zabibu,
ekari moja na robo huko Mpunguzi, na mipira ya matone
ambayo kila wiki lazima niipulizie kwa mdomo.
Najua punje ya mchanga ikikaa pabaya
mche hausemi kitu. Unanyauka upande mmoja,
na siku utakayoliona jani, mzizi umeshakata tamaa.
Nikakwambia: vaa viatu. Huu si uvimbe. Maji hayapiti.

Simu ya saluni haikupatikana.

Daktari Ndahani alikubonyeza mdomo kwa kidole,
akaachia, akahesabu kimya kimya.
Rangi haikurudi.
Akauliza jina la dawa. Hukulijua.
Chupa ilikuwaje? Ndogo, ulisema. Nzuri.
Akauliza: macho yote mawili yanaona sawasawa?
Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu,
maana sikujua kama mdomo na jicho ni majirani.

Dawa ya kuyeyusha ikaingia kwa sindano tisa,
na safari hii hakuna aliyetaja mbu.

Mdomo ulipona, karibu wote. Umebaki uvimbe mdogo
mgumu kama mbegu ya zabibu, na kovu la ukucha mmoja.
Kwenye sendofu ulinywea soda upande wa kulia,
shangazi zetu wakadhani ni madaha.

Jana ulikuja shambani, vumbi na upepo wa kwetu,
ukakaa kati ya mistari nikipogoa.
Nilikuona ukidhani sikuoni:
kidole mdomoni, unabonyeza, unaachia,
moja, mbili,
imerudi.
Unabonyeza tena.