Sekunde Kumi na Nne

Mwaka wa pili wa uzamivu, Chicoutimi.
Theluji imefika kwenye vioo vya maabara
na Oriane bado anahesabu nyuzi za misuli
zilizokatwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu.

Leo kaitwa kliniki. "Mpe mkono," kasema msimamizi,
"kisha mwambie aachie. Bonyeza saa."

Mzee Rosaire, aliyeyeyusha alumini miaka thelathini,
akaushika mkono wake kwa adabu.
"Achia."
Vidole vilisikia. Havikutii.
Tatu. Nne. Akatabasamu,
kope zake nzito zikishuka.
"Mama naye alikuwa hivi. Watu walidhani
anawapenda mno."
Tisa. Kumi.

Kitabuni ni herufi tatu zinazojirudia,
zinazojirudia, zinazojirudia,
na mtoto hurithi kigugumizi kirefu kuliko cha mzazi.
Hilo alilijibu vizuri kwenye mtihani.
Hakuulizwa kiganja kina joto gani.

Gumba likalegea. Cha kati. Cha pete.
Kidole cha shahada kikawa cha mwisho,
kikichelewa kama shahada yake.

Akaandika: 14.
Palikuwa na nafasi ya maelezo, finyu;
akaiacha wazi.

Usiku, chini ya hadubini, sampuli 0731:
viini vimeacha ukingo, vimejipanga katikati ya uzi
kama watu waliokimbia baridi ya ukutani.
Ameijua namba hii tangu Septemba.
Leo anaisogeza polepole,
mkono wa kulia umekunjwa kidogo,
hana hakika ni nani hajaachia.