Daftari la Banda la Gari

Ukurasa wa kwanza niliandika kwa penseli,
maana bei ya saruji hapa Moshi haikubali wino:
Jumatatu mfuko elfu kumi na saba,
Alhamisi kumi na nane na nusu,
na muuzaji wa Kiboriloni anakukazia macho
kama vile wewe ndiye uliyepandisha.

Tofali za inchi sita, mia tatu na hamsini.
Kumi zilivunjika njiani. Dereva akasema ni barabara.
Barabara haikuwepo kujitetea.
Mchanga, tripu mbili. Kokoto, tripu moja na mabishano.
Nondo za lenta, waya wa kufungia, mbao za kukodi,
na misumari, ambayo tangu dunia iumbwe
hakuna aliyeipigia hesabu ikatosha.

Mtendaji wa mtaa akavua miwani:
“Unafungua gereji? Leseni ya biashara unayo?”
Hapana baba, ni banda tu.
Korola moja, kuukuu, haitatengenezwa humo, italala.
Akaandika: *Banda la kulaza gari.*
Akapiga muhuri kwa nguvu, kama anaua mbu.

Shemeji Ndewario, aliyeanza nyumba mbili
na hajamaliza hata moja, alinishauri bure:
jenga pembeni, karibu na geti.
Ukiunganisha na nyumba utaleta nyufa,
moshi wa gari utaingia chumbani,
paa litavuja pale linapokutana na paa.
Yote kweli. Nimeyaandika, ukurasa wa nne,
na gharama ya kila moja mbele yake:
nondo za kushikanisha msingi mpya na wa zamani,
bati la kukunja kwenye maungio,
matundu ya hewa juu, mlango mzito wa mninga.

Lakini kutoka kitandani hadi geti ni hatua arobaini na moja.
Mwezi wa nne, saa kumi na moja alfajiri,
kliniki ya KCMC haiahirishwi kwa sababu ya tope.
Mara ya mwisho kiti kilizama, tukaanguka sote wawili,
na Aminieli, pale chini, mvua ikimwingia sikioni,
akacheka kwa upande mmoja wa mdomo,
ule ambao bado unacheka.

Fundi Senzighe alivuta futi yake:
“Upana mita tatu, mama, inatosha na chenji inabaki.”
Sikubishana.
Nikamsukuma mume wangu mpaka ubavuni mwa gari,
nikafungua mlango wa gari wote,
nikasema, pima tena, fundi. Pima na sisi tukiwemo.
Akatoa penseli sikioni.
“Nne na nusu,” akasema, kwa sauti ya kanisani.

Likabaki suala la dirisha.
Kutoboa ukuta mzima ni kuanza na lenta upya,
ila chini ya dirisha la chumbani, alisema fundi,
lenta tayari ipo: unavunja tofali za chini, unapata mlango.
Laki mbili na nusu zinaokolewa.
Dirisha lile ni la Aminieli.
Kila asubuhi hulitazamia Kibo, kisha hunipa taarifa:
limevaa, usianike;
liko wazi, anika hata magodoro.
Nilimuuliza. Neno kwake siku hizi hutoka
kama ndoo kutoka kisima kirefu.
Nikangoja.
“Vunja.”

Mlango wa kuviringisha, milioni moja na laki sita,
mara tatu ya tofali zote. Pesa iliishia ukurasa wa kumi na moja.
Tukatundika turubai la bluu.
Sasa asubuhi anataka asukumwe bandani,
akae kando ya Korola, turubai likunjwe.
Mlima uko upande wa pili, haonekani naye.
Anatazama barabara. Ananiletea taarifa jikoni:
mtoto wa Shirima kachelewa tena shule,
muuza maziwa kanunua baiskeli.
Jana kasema, mlango usinunue kwanza.

Turubai: elfu thelathini na tano.
Kamba: bure, ilikuwa ya mbuzi.