Hatua Tatu Kutoka Ukutani

Goti la mama liligoma ngazi mwezi wa Rajabu,
kule Tudor, ghorofa ya nne, lifti jina tu.
Nikasema: uani kwangu Mikindani pana nafasi,
chumba kimoja na choo chake, kazi ya wiki tatu.
Fundi Mwadzombo akapima kwa miguu yake mwenyewe,
akatema mate, akasema: "Tutaegemea ukuta wa jirani.
Matofali ya upande mzima umeyaokoa."

Ningemsikiliza. Mchanga ulikuwa umeshamwagwa,
paka wa mtaa wameshaujua.
Lakini dada yangu Zumra, aliyewahi kubomolewa jiko
saa tano asubuhi na sufuria ingali motoni,
aliniambia neno moja: "Uliza."

Nikauliza.
Dirisha la kwanza likanipa dirisha la tatu,
dirisha la tatu likanipa Alhamisi.
Alhamisi nikamkuta Bi Mkawasi,
miwani pajini, penseli nyweleni,
akakikunjua kiwanja changu juu ya meza
nami nikakiona kwa mara ya kwanza:
kidogo kama leso ya kufutia jasho,
kimezungushiwa mistari ya nukta
ambayo miaka kumi na tisa naikanyaga nikianika nguo.

"Hapa," akasema, "ni pako,
ila si pa kujenga."
Nikamwomba arudie polepole.
Hatua tatu kutoka ukutani, ili moto ukizuka
mtu apite na ndoo.
Shimo la choo likae mbali na kisima cha jirani,
maana maji yaliyo chini ya ardhi
hayajui hati ya nani inaishia wapi.
Paa lisimwage mvua kwa Mzee Bwanaheri.
Naye Mzee Bwanaheri aandike kuwa amejua.

Nilitoka na karatasi saba na hasira moja.
Hasira ikanitoka pale Kibarani,
nilipokumbuka kisima chetu cha Kisauni
na mwaka ule tulipougua matumbo nyumba nzima,
sote tukapona isipokuwa Kibibi.
Maji yalikuwa matamu.
Choo kilikuwa hatua nne.

Jumamosi Mwadzombo akachora kwa chokaa,
akinung'unika, kila kona akiirudisha ndani,
hata chumba kikawa kama sanduku la bibi harusi.
Mpapai ukaponea nje ya mstari.
Mama akaletwa. Akafika pale penye mlango wa chokaa,
akavua viatu, akaingia,
akajinyoosha chini kwa urefu wake wote:
hapa kitanda, hapa msala, hapa ndoo.
Nami nikageuka upande, nikajifuta kwa ncha ya kanga.
"We," akasema, angali chali,
"hii si mwanandani. Usinililie mapema."

Kisha akainua kichwa.
"Chatosha. Lakini mlango huu watazama ukuta.
Utieni upande wa huku, niuone moshi wa jiko lako,
nijue kama umeamka."

Mlango ukihama, mchoro umebadilika.
Mchoro ukibadilika, dirisha la kwanza.
Leo Jumatatu nimepanga foleni tangu saa moja,
mbele yangu watu kumi na wawili,
mfukoni mahamri mawili, yangu mwenyewe,
nayala hapa hapa mbele za watu
wasije wakasema ni hongo.